Mimba ya Bure: Ugumba, Bima na Hadithi Zisizotaja Bei

Pumwani ina hospitali ya kujifungulia iliyoanza mwaka 1926, na mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa kubwa zaidi za aina yake katika Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara. Uliza watu kumi wa Eastlands walizaliwa wapi, hutakosa wa Pumwani. Jericho, Kaloleni, Buruburu, Kayole, Dandora, Umoja: mitaa yote hii ina watu ambao cheti chao cha kuzaliwa kimetaja hospitali hiyo. Kwa hiyo mtu akisema Eastlands inajua kuzaa, hajatia chumvi.

Sasa geuza swali. Yule ambaye mimba imekataa kushika aende wapi? Huyo atapanda matatu hadi tao, ashuke, apande nyingine, maana kliniki za IVF zinazojulikana Nairobi nyingi ziko ng'ambo ile, Hurlingham, Upper Hill, Parklands. Nauli ndiyo gharama ndogo kuliko zote atakazokutana nazo. Akifika ataulizwa kama ana bima. Atatoa kadi. Mhudumu ataiangalia na kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba kwa huduma hii kadi haisaidii.

Mimi ni msomaji wa vitabu, si daktari wala mtu wa bima. Lakini kuna jambo ambalo mtu aliyezoea kusoma anaweza kuliona: hadithi zetu kuhusu ugumba na vijitabu vyetu vya bima vinakubaliana. Hadithi inasema ugumba ni aibu, au laana, au mapenzi ya Mungu. Kijitabu cha bima kinasema ni matakwa ya mtu binafsi. Vyote viwili vinakwepa kusema ni ugonjwa. Na kitu kisichoitwa ugonjwa hakuna anayekipigia hesabu ya matibabu, sembuse kuuliza nani alipe.

Tuanze na riwaya ya mtaani kwetu. Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye ilitoka mwaka 1986 na ikapata tuzo ya Sinclair mwaka huohuo. Paulina, msichana wa miaka kumi na sita, anashuka kwenye garimoshi Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, amekuja kwa mumewe Martin anayeishi Pumwani. Ana mimba. Haukai muda mrefu mji huu kabla haujamwonyesha hospitali: mimba inatoka, na akiruhusiwa kwenda nyumbani anapotea njia. Wanaoipenda riwaya hii, nami nimo, huisifu kwa namna inavyotembeza maisha ya Paulina sambamba na maisha ya nchi. Uhuru unakuja. Mwaka 1969 risasi zinapigwa Kisumu, na mtoto wa Paulina, aliyempata kwa mwanamume mwingine, anauawa. Mzee Kenyatta anaaga mwaka 1978. Nchi inahangaika kujizaa, na Paulina pia.

Huo ndio usomaji wa darasani, na si wa makosa. Lakini ukikaa sana na usomaji huo, tumbo la Paulina linageuka mfano tu wa kitu kingine. Mimba zinatoka, miaka inapita, Martin anaishi na wanawake wengine na hao nao hawamzalii. Macgoye hapigi kelele kuhusu hilo, anatuachia tuhesabu wenyewe. Halafu mwishoni, baada ya miaka zaidi ya ishirini, Paulina na Martin wakiwa wamerudiana, mimba inashika. Msomaji anafunga kitabu akiwa na furaha, na anayo haki ya kufurahi.

Mimba hiyo ilikuja bure. Hakuna aliyepimwa, hakuna aliyetibiwa, hakuna aliyelipa. Huwezi kumlaumu Macgoye sana kwa hilo, kwa sababu kalenda inamtetea. Tarehe 25 Julai 1978, huko Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama. Mwezi uliofuata Kenyatta akafariki. Yaani riwaya inafikia mwisho wake palepale ambapo sayansi ilikuwa inaanza. Kenya yenyewe ilingoja hadi Mei 2006 kupata watoto wake wa kwanza wa IVF, kupitia kituo cha Nairobi IVF Centre cha Dkt. Joshua Noreh. Paulina asingeweza kwenda popote. Lakini sisi tunaoandika na kusoma baada ya 2006, udhuru wetu ni gani? Mbona bado mwisho wetu tunaoupenda, kwenye riwaya, kwenye vipindi vya runinga vya jioni, kwenye ushuhuda wa kanisani, ni uleule: mwanamke kateseka miaka kumi, kasemwa, kalia, halafu ghafla ana pacha? Mtu hatajiwi hata shilingi moja.

Chukua mfano wa karibu zaidi, tamthilia ambayo watoto wetu wa sekondari wameisoma kama kitabu cha lazima: Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Sara na Yona walikaa kwenye ndoa kwa muda kabla ya kupata mtoto, na kijiji hakikuwaacha. Walipopata, wakapata mabinti, na kijiji kikapata jambo jipya la kusema: mvulana yuko wapi? Maneno hayo yanamla Yona, anaangukia pombe, na kipigo kinamwangukia Sara. Arege anaonyesha vizuri kwamba hili neno la watu si upepo, ni kitu kinachovunja nyumba.

Lakini tazama jinsi tamthilia hiyo inavyoshughulikia pesa. Sara anapougua uzeeni, pesa zinaingia jukwaani mara moja. Neema, bintiye wa mjini, anabeba mzigo wa matibabu, na yeye na mumewe Bunju wanavutana juu ya nani atoe nini. Msomaji anajua kwamba hospitali ni gharama, na kwamba gharama inaweza kuingia kati ya mke na mume. Huu ndio uhalisi wa Kenya na Arege ameushika. Ila miaka ile ya kungoja mtoto, ndani ya kitabu hichohicho, inaelezwa kwa masimango tu. Ugonjwa wa uzeeni una bili. Ugumba una umbeya. Sidhani mwandishi alipanga hivyo. Nadhani ndivyo sote tulivyofunzwa kuona: moyo ukiumwa ni hospitali, kizazi kikiumwa ni maneno.

Lugha yenyewe imetutangulia katika hilo. Neno tasa tunalitumia kwa mwanamke, kwa mnyama jike, na kwa shamba lisilotoa kitu. Mgumba ni mtu asiye na mtoto, basi, kana kwamba ni kabila. Tunasema asiye na mwana aeleke jiwe. Mtaani kwetu mambo ni mepesi zaidi ya methali na makali zaidi: mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto. Mama Brayo, Mama Shiro, Mama Junior. Mwuza mboga anakujua hivyo, mlinzi wa geti anakujua hivyo, na chama kinakuandika hivyo. Asiye na mtoto anabaki na jina lake la shule, au anaitwa "auntie" na watoto wa plot nzima. Hakuna aliyemtukana. Na kila siku anakumbushwa.

Wenzetu wa Nigeria wameandika zaidi juu ya hili, na wamefika mbali kidogo. Katika The Secret Lives of Baba Segi's Wives ya Lola Shoneyin, iliyotoka 2010, mke wa nne, Bolanle, hashiki mimba, na mume mwenye wake watatu wengine na watoto tele anampeleka hospitali ili kasoro yake ijulikane. Daktari anaomba kumpima mume pia. Hapo nyumba nzima inaanguka, kwa kuwa kumbe tatizo ni la Baba Segi, na watoto wale wote si wake. Ayọ̀bámi Adébáyọ̀, katika Stay With Me ya mwaka 2017, anampandisha Yejide mlimani na mbuzi kutafuta muujiza, huku Akin, mumewe, akijua siri ya kitandani ambayo hakuna muujiza ungeitibu.

Ninachokipenda kwa Shoneyin ni kwamba hadithi inageuzwa na kipimo. Si ndoto wala nabii, ni maji ya mwanamume ndani ya kikopo. Na kwenye safari yote ya matibabu ya uzazi, kipimo cha mbegu za kiume ndicho miongoni mwa vipimo vya bei nafuu kuliko vyote. Madaktari wanatuambia upande wa mwanamume huchangia takriban nusu ya visa vya wanandoa kukosa mtoto, peke yake au pamoja na upande wa mwanamke. Lakini mitaani mwanamke atapitishwa skani, eksrei ya mirija, vipimo vya homoni, maombi ya usiku kucha na dawa za mitishamba kabla mume hajakubali kwenda maabara mara moja. Kila hatua hiyo ni pesa. Mfumo dume, kabla ya kuwa jambo la haki, ni njia ghali sana ya kutafuta ugonjwa.

Na wakati mwingine gharama si pesa. Mwaka 2016, Machakos, mwanamke alikatwa mikono kwa panga nyumbani kwake baada ya miaka kadhaa ya ndoa bila mtoto, na mumewe akashtakiwa. Vyombo vya habari viliripoti kwamba hospitali ilikuwa imeona tatizo liko kwa mume. Kipimo kilikuwa kimefanywa. Kilichokosekana ni masimulizi ya kumsaidia mwanamume kupokea jibu hilo bila kuona ameuawa. Hadithi tunazosimuliana ndizo zinazompa mtu maneno ya kutumia siku hiyo.

Sasa tusome maandishi ya tatu, ambayo hakuna mhakiki anayeyagusa: kijitabu cha bima ya afya. Wengi wetu tunakipokea kazini siku ya kwanza, kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, tunakitia kwenye droo. Kina kurasa za ahadi, halafu kina ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Ukurasa huo ni utanzu kamili wa fasihi, maana una kanuni zake. Ni orodha, na maana ya kila kitu kwenye orodha unaipata kwa kuangalia majirani zake. Katika vijitabu vingi vinavyozunguka ofisi za Nairobi, matibabu ya ugumba yanakaa karibu na upasuaji wa urembo, majeraha ya kujiumiza mwenyewe, ulevi, vita na ghasia. Hakuna sentensi inayokuambia kwamba kutaka mtoto ni kama kutaka pua nyembamba. Orodha imeshakuambia.

Kisha angalia neno lenyewe linavyofanya kazi kwenye fomu. Uvimbe kwenye kizazi ukiondolewa kwa sababu unamwaga damu na kuleta maumivu, aghalabu bima hulipa. Uvimbe uleule, kwa daktari yuleyule, ukiandikwa kwamba unaondolewa ili mimba ishike, madai yanaweza kukataliwa. Maambukizi ya nyonga yakitibiwa leo ni ugonjwa. Mirija ikiziba kwa ajili ya maambukizi hayo miaka mitano baadaye, ni ugumba, umetoka kwenye orodha. Mwili ni mmoja, historia ni moja. Kilichobadilika ni nomino. Sisi tunaofundisha watu kusoma mashairi kwa makini tungefaa kuwa tumesema kitu kuhusu nomino hiyo zamani.

Na bei, hebu tuitaje sasa. Kwa miaka kadhaa kliniki na magazeti ya Nairobi yamekuwa yakitaja kati ya laki nne na laki sita kwa mzunguko mmoja wa IVF. Mzunguko maana yake ni hivi: mwanamke anadungwa sindano za homoni kwa siku kama kumi ili mayai kadhaa yakomae pamoja, huku akipigwa skani mara kwa mara. Mayai yanatolewa kwa sindano akiwa amepewa dawa ya usingizi. Yanakutanishwa na mbegu za mwanamume maabara, na baada ya siku tatu hadi tano kiinitete kinawekwa kwenye mji wa mimba. Halafu wiki mbili za kungoja. Bei inayotangazwa mara nyingi si yote. Dawa zinaweza kuwa kando, vipimo vya mwanzo kando, kugandisha viinitete vilivyobaki kando, na kuvilipia kila mwaka vikiwa kwenye friji kando. Na hata kwenye kliniki nzuri kabisa duniani, mzunguko mmoja hushindwa mara nyingi zaidi ya unavyofaulu. Kwa hiyo swali sahihi la kuuliza si "IVF ni pesa ngapi?" bali "nikishindwa mara ya kwanza, nitakuwa na pesa za mara ya pili?"

Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 40,000 anayeishi Umoja au Donholm. Laki tano kwake ni mshahara mzima wa miezi kumi na miwili na nusu, bila kula, bila kodi ya nyumba, bila nauli. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, inamkata asilimia 2.75, yaani shilingi 1,100 kwa mwezi, au 13,200 kwa mwaka. Angewekewa michango yake yote kwenye kibuyu bila kuiguswa, ingemchukua karibu miaka 38 kufikia mzunguko mmoja. Atakuwa nyanya kabla ya kuwa mama.

Ndiyo sababu bima ipo, si ndio? Kwamba wengi watoe kidogo ili wachache wapate kikubwa siku yao ikifika. Tuseme kampuni ina wafanyakazi 1,000, na katika mwaka watano kati yao wanahitaji mzunguko wa laki tano. Hiyo ni milioni mbili na nusu. Igawe kwa watu 1,000: shilingi 2,500 kila mmoja kwa mwaka, kama 208 kwa mwezi. Chai na mandazi mara chache. Ni mfano tu, lakini unaonyesha kilipo kikwazo. Bima ya mtu mmojammoja inaogopa kwa sababu ya maana: watakaokimbilia kuinunua ni wale wanaojua tayari wataihitaji, na mfuko utakauka. Kundi kubwa lisilojichagua, kama la waajiriwa au la nchi nzima, halina hofu hiyo kwa kiasi hicho. Israeli inagharamia IVF kwa umma hadi watoto wawili, kwa mwanamke mpaka miaka 45. Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa 2013 unapendekeza mizunguko mitatu kwa walio chini ya miaka 40, ingawa unachopata kinategemea unaishi wapi. Huko nako kuna ugomvi wa bajeti, lakini wanagombana kuhusu mizunguko mingapi. Sisi hatujaanza hata kugombana.

Kwenye orodha ya SHA, kujifungua kwa kawaida kumewekewa shilingi 10,000 na kwa upasuaji 30,000. Ni jambo jema na limeokoa watu. IVF haimo. Kwa hiyo serikali inakutambua kama mzazi kuanzia mlangoni mwa leba. Kabla ya hapo uko peke yako na simu yako ya M-Pesa.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito. Nchi ambayo wagonjwa wa saratani na figo wanahangaika na bili itawezaje kulipia IVF? Sitaki kulipuuza. Mtu wa dialisisi akikosa pesa wiki hii anakufa, asiye na mtoto hafi. Lakini hoja hiyo inatumika kufunga mlango mzima, wakati mlango una vyumba vingi. IVF ni chumba cha mwisho. Kabla yake kuna kipimo cha mbegu, skani, eksrei ya mirija, dawa za kukomaza yai, na kabla ya hivyo vyote kuna kutibu mapema kisonono na klamidia, ambazo zikiachwa huziba mirija. Shirika la Afya Duniani linauita ugumba ugonjwa wa mfumo wa uzazi, na mwaka 2023 lilisema mtu mmoja kati ya sita duniani huupitia maishani mwake. Kulipia vyumba vya mwanzo hakutafilisi nchi. Kungewaokoa wengi wasifike chumba cha mwisho.

Bungeni, mtu aliyelibeba jambo hili kwa miaka mingi ni Millie Odhiambo, mbunge wa Suba Kaskazini, ambaye amesema hadharani kuwa yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Mswada wake wa teknolojia ya uzazi, ambao umerudi bungeni zaidi ya mara moja, na toleo la 2022 likiwa mojawapo, unashughulikia hasa nani anaruhusiwa kufanya nini: leseni za kliniki, haki za mtoto, wanawake wanaowabebea wengine mimba. Sheria kama hiyo inahitajika. Lakini kuweka utaratibu wa duka si sawa na kumpa mteja pesa. Na nadhani kitu chenye nguvu zaidi alichofanya mbunge huyo si mswada, ni kusimama na kusema "mimi" mahali ambapo wengi wangesema "kuna watu".

Maana shida ya hapa kwetu ni kwamba gharama hii inalipwa gizani. Mtu akifiwa Eastlands, kabla ya saa moja kuna kikundi cha WhatsApp, kuna namba ya kutuma mchango, kuna mweka hazina. Mtoto akilazwa, vivyo hivyo. Sijawahi kuongezwa kwenye kikundi cha kuchangia IVF, na nadhani wewe pia hujawahi. Watu wanakopa Sacco. Kwenye fomu kuna mstari wa sababu ya mkopo, na hapo wanaandika biashara, au karo, au kununua ploti Kamulu. Wanauza ploti iliyokuwepo na kusema bei ilikuwa nzuri. Wakishindwa, wanalipa mkopo wa kitu ambacho hakuna jirani anayejua kilikuwepo. Jirani anaona tu kwamba mshahara ni mzuri lakini nyumba haina sofa, na anaanza kusema mume ana mpango wa kando.

Hapo ndipo naona riwaya yetu inayokosekana. Mstari ule wa sababu ya mkopo ni uongo mfupi, na nyuma yake kuna kitabu kizima. Sitaki riwaya ya kampeni, yenye daktari anayehutubia na ukurasa wa ushauri mwishoni. Nataka mwandishi aliye na ujasiri wa kuandika risiti kama anavyoandika machozi. Aandike mke na mume wa Komarock wanaohesabu sindano zilizobaki kwenye friji, jirani ya maziwa. Aandike mume anayekaa saa nzima nje ya maabara na kikopo mfukoni. Aandike mzunguko ulioshindwa, na Jumatatu inayofuata, na mtu anayepanda matatu ya Jogoo Road kwenda kazini kulipa deni. Na asilazimike kutupa pacha mwishoni. Kama mimba itashika, tujue ilikuwa kiasi gani. Kama haitashika, tuwajue wawili hao kwa majina yao wenyewe.

Nami sidai kwamba riwaya itabadilisha ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Watu wa bima hawasomi riwaya kazini. Lakini ukurasa ule unategemea jambo moja, kwamba mtu akikataliwa atanyamaza, atarudi nyumbani na aibu yake, hatamwandikia mwajiri, hatauliza kwenye mkutano wa wafanyakazi. Unyamavu huo ndio faida yao, na tumewapa bure.

Kwa hiyo, msomaji, kabla riwaya hiyo haijaandikwa, toa kijitabu chako kwenye droo. Kisome ukurasa ule pole pole kama unavyosoma shairi gumu. Uliza, kwa maandishi, maswali manne: vipimo vya kutafuta chanzo vinalipiwa au la? Matibabu ya chanzo, kama uvimbe au mirija, yanalipiwa au la? Mimba iliyopatikana kwa IVF itaingia kwenye kiwango cha uzazi, na muda wa kungoja ni miezi mingapi? Na kama jibu ni hapana, ni kifungu gani kinachosema hivyo? Usikubali kuambiwa kwa simu. Omba jibu lenye tarehe na sahihi, ulisome, kisha mwonyeshe mwenzako wa meza ya pili.